Safu ya Saba

Daftari langu ni kaunta buku, kwaya mbili,
limevaa gazeti la mwaka juzi.
Ndani nimechora safu sita kwa rula:
jina la punda, mwenye punda, umri kwa meno,
kwato, mchanga alioukanyaga, madumu aliyobeba.
Miaka minne sijakosa mnada,
hata ule wa tarehe nne, mke wangu akiwa leba Mvumi.
(Hilo bado tunalizungumza.)

Mbio zetu hapa Idifu ni fupi, zina masharti.
Kutoka bomba la maji, kushuka korongo,
kupanda kwa kanisani, hadi zizi la mnada.
Punda mmoja, mkokoteni mmoja,
madumu manne yasiyo na vifuniko.
Kukaza mwendo ruksa; kuruka marufuku:
anayeruka anamwaga, na aliyemwaga nusu,
hata akitangulia, hajafika.
Aliyeshinda juzi anaongezwa dumu.
Aliyeshinda mara tatu, madumu matatu na matofali mawili.
Ndivyo tunavyompunguza makali mwenye mbio,
ili mwenye punda mkonde naye
apate wa kumwekea dau bila kuchekwa.

Punda wa Ndahani anaitwa Risiti.
Kijivu, msalaba mweusi mgongoni,
mikanda ya tairi imemnyoa manyoya begani.
Ameshinda mara tatu. Mzigo wake unajulikana.
Nilikesha na kalamu,
koroboi ikinipaka masizi puani,
nikazidisha, nikatoa, nikagawanya kwa mchanga.
Jibu likarudi lilelile:
Risiti, kwa urefu wa mkokoteni.

Niliweka elfu arobaini.
Za mbegu za uwele, nisiseme uongo.
Chipanha mshika fedha alinitazama mara moja,
akalamba kidole, akageuza ukurasa.

Ndipo akaja Mbeleje, mjane wa jirani na kanisa,
elfu tano kaifunga pembe ya khanga.
Akasema: Risiti hatangulii.
Watu walicheka.
Mimi nilicheka kwa takwimu.

Wakaondoka.
Risiti alishuka korongo
kama mtu anayeshuka ngazi za kwake,
maji yakitikisika, hayamwagiki,
masikio nyuma, kichwa chini,
tiki, tiki, tiki.
Wa pili alikuwa bado anabishana na mchanga.
Mimi nilishaanza kuzila zile fedha:
bati sita, mbuzi mmoja, radhi ya mke.

Kwenye uzio wa minyaa, mbele ya mlango wa bati la bluu,
Risiti akasimama.
Hakuchoka. Hakuumia.
Alisimama kama anavyosimama kila asubuhi
saa kumi na mbili na nusu,
madumu mawili ya Mbeleje yashushwe.
Ndahani alibembeleza, akavuta hatamu,
akamtukania mama yake, punda mwenzake.
Risiti akangoja.
Kamletea mtu maji; mtu hatoki.

Wakapita wengine. Mmoja. Wawili.
Hata yule kilema wa Lusito,
ambaye safu ya nne nilimwandikia: asahaulike.

Mkeka wangu ulichanikia hapo.

Mbeleje alipokea chake, hakupiga kigelegele.
Alinipitia, akanisalimu kwa wingi, Mbukwenyi,
kana kwamba mimi na daftari tulikuwa wawili.
Kisha akaenda kwake.
Punda alikuwa bado yupo.
Akashusha madumu mawili, akamsugua paji la uso,
na Risiti akaondoka mwenyewe, bila fimbo,
akamaliza mbio zake za mwisho wa wote
uwanja ukiwa umeshageukia nyama.

Usiku nilichukua rula.
Safu ya saba ikabana, karatasi imekwisha,
ikabidi niandike kwa kusimamisha herufi:
Husimama kwa nani.
Nikashuka nayo majina yote ya punda,
miaka minne ya punda,
sina cha kujaza.

Mke wangu, bila kugeuka ukutani alikolalia,
akauliza mbegu tunapanda lini.