Tone Moja, Kabete

Saa moja asubuhi, Julai, ukungu wa Kabete
umeukumbatia mlango wa kitalu, hautaki kuondoka.
Nafungua friji, natoa kichupa cha kolchisini.
Glavu mbili kila mkono. Sumu hii haina adabu.

Tone moja kwenye kichipukizi cha tikiti,
pale katikati ya majani mawili ya kwanza,
yaliyonyoosha viganja kama waombaji.
Asubuhi tone, jioni tone, siku tatu.

Linafanya nini? aliniuliza Mulwa, mgeni wa maabara.
Nikamwambia: seli ikitaka kugawanyika
hunakili kwanza urithi wake wote,
kromosomu ishirini na mbili ziwe arobaini na nne,
kisha husokota nyuzi, nusu zivutwe huku, nusu kule,
na ukuta ujengwe kati.
Tone huzuia usokotaji.
Mali imeshahesabiwa, kamba hakuna.
Vyote vinabaki nyumba moja.

Sikumwambia kwamba dawa hii hii baba aliimeza
jongo lilipomwasha kidole gumba,
nusu tembe, usiku, akitukana hata shuka.
Wala kwamba wiki ya pili baada ya kumzika
tulikuja Uthiru na futi ya kupimia,
ndugu wanne, robo eka.
Karuga akachukua upande wa barabara.
Mimi nikapata upana wa kamba mbili za kuanikia nguo.

Miche mia mbili niliitilia tone.
Mingi ilioza shingoni.
Mingine ikavimba, ikajikunja, ikagoma kukua.
Mingine ikasahau kabisa, ikarudi kuwa kama zamani.
Kukataa kugawanyika, nako, kunaua.

Imebaki mitatu.
Jani nene, kijani cha chupa, linakwaruza.
Nabandua ngozi yake ya chini, naiweka kwenye darubini:
midomo ya kupumulia imenenepa.
Nahesabu chembe za kijani, Mulwa anaandika.
Kumi na tisa. Ishirini na moja. Ishirini.
Wenzao wa kawaida hawafiki kumi na tatu.

Mwakani tutaioza kwa tikiti la kawaida,
wazae thelathini na tatu, hesabu isiyokubali jozi:
tunda tamu, jekundu, lisilo na mbegu.
Marikiti watalipenda. Hakuna cha kutema.
Hakuna cha kurithisha pia.

Simu inatetemeka mfukoni.
Karuga. Atakuwa amepata mawe ya ukuta.
Nina glavu mkononi.
Nasema, Mulwa, tuhesabu tena.