Chumvi, Kibiriti, Nazi Mbili

Mama kanituma kwa Mpemba:
chumvi, kibiriti, nazi mbili.
"Sema tena."
Chumvi, kibiriti, nazi mbili.
"Haya nenda, na usigeuke nyuma."

Sikugeuka nyuma.
Niligeuka pembeni.

Barabara ya Kumi na Mbili, baiskeli imelala chali,
fundi Mbaruku kalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja
spoku zikapotea, zikawa ukungu wa fedha.
Chumvi, kibiriti, nazi ngapi?
Paka wa mama Zubeda kazaa ndani ya beseni:
wanne, na wa tano yuko chini ya wenzake,
nikangoja mpaka atoe pua.
Kibiriti, pua, nazi.
Halafu mkate wa kumimina, mlango wa tatu,
harufu yake ikanishika mkono kama shangazi.

Nilipofika kwa Mpemba
nilifungua mdomo, mkatoka spoku.
"Unataka nini, Mwanamvua?"
Nikanunua ubuyu.

Darasani ni vivyo hivyo.
Mwalimu Shekalaghe anaandika saba mara nane,
lakini chaki inalia kwii,
na soksi yangu ya kushoto ina mshono,
na nje anapita mtu na machungwa ya Muheza,
na Hatibu anapumua kwa pua,
vyote vinaniita kwa jina, vyote kwa pamoja,
wateja mia kwenye dirisha moja.
Miguu ndiyo hujibu kwanza.
"Kaa!"
Nimekaa, mwalimu. Kiti ndicho hakikai.

Wamenipa majina. Pia. Kiguu na Njia.
Hayo nacheka nayo.
Sikio la Kufa liliniuma,
maana mimi nasikia.
Nasikia mpaka soksi.

Tukapanda kilima cha Bombo, hospitali.
Daktari hakutoa sindano.
Alinipa vijiti nipange, akamwuliza Mama maswali,
maswali mengi, hata ya nilipokuwa natambaa,
mwisho akataja jina la hali yangu,
refu kama treni ya mkonge:
behewa la kwanza likapita, la pili, la tatu,
la mwisho sikuliona. Kulikuwa na mjusi ukutani.
"Si ukaidi," alisema. "Si malezi yako, mama.
Wala si shetani wa kupungwa."
Mama akatazama viatu vyake kwa muda mrefu.
Labda alilia. Labda ni vumbi.
Nilitaka kumwuliza, nikasahau.

Jioni ile Baba alitafuta penseli yake ya useremala
chini ya mto, nyuma ya mtungi, ndani ya jagi.
Ilikuwa sikioni.
Chai yake ya saa kumi ilikuwa dirishani, imepoa,
ubavuni mwa chai ya asubuhi.
Mama kamtazama Baba. Kanitazama mimi.
Kacheka mpaka kakaa chini.
"Kumbe maji hufuata mkondo!"

Baba hakucheka sana.
Alinichukua karakana, akatoboa kibao matundu matatu,
akachonga vijiti vitatu, akavipaka rangi:
cheupe chumvi, chekundu kibiriti,
cha kahawia, chenye vichwa viwili, nazi.
"Ukishapewa kitu, chomoa kijiti chake."
Kisha akaingiza mkono mfukoni
akatoa kibao chake mwenyewe,
cheusi kwa jasho, kingo zimelika.
Hata Mama hakuwahi kukiona.

Leo nimetumwa tena.
Kidole juu ya vijiti, natembea.
Spoku zimekuwa ukungu. Nimeziona.
Watoto wa paka wamefumbua macho,
nimekaa nao kidogo, si kidogo sana,
kijiti kikanichoma kiganja, nikainuka.
Chumvi, nikachomoa. Kibiriti.
Nazi mbili, Mpemba kazigonga zote, zikaitika.

Nikarudi mbio.
Mama kahesabu mara mbili, hakuamini.
Kanikumbatia, mikono yote unga.
"Na chenji?"

Chenji.

"Tundu la nne," alisema Baba,
akainuka kwenda kuchukua keekee.

Anaitafuta mpaka sasa.