Kofia ya Ishirini

Bombo, watoto huniita Bwana Kofia.
Siwakatazi. Nilikuwa karani wa posta miaka thelathini na moja,
nikastaafu na kabati la droo ndogondogo la kupangia barua,
na sasa kila droo imelaza kofia moja ya Mjerumani.

Kumi na tisa. Ya Arua ina tundu la nondo penye sikio.
Ya Kitgum ilipimiwa ufuta sokoni mpaka mshono ukaachia.
Ya Masindi nilikuta kuku ameiatamia;
nikangoja siku nane vifaranga watoke, ndipo nikalipa.
Beji ni chache: kifungo cha bati, tai wa uzi wa buluu
aliyekamata msalaba uliovunjwa miguu.
Mjukuu wangu aliuliza ndege huyo anakula nini.
Nilimjibu, nikauona uso wake, nikafunga droo.

Daftari langu lina safu nne: mahali, mwaka, bei, aliyeitwaa.
Neno la mwisho nililichagua mwenyewe, kwa wino mwekundu.
Nilipenda kuona jangwa, bunduki, adui chini,
na mzee wetu, kijana bado, akiinama kuokota.

Ya ishirini ilikuwa kwa Mastura binti Rehan,
nyuma ya kambi, kawa zimejaa ukutani,
nyekundu, zambarau, manjano, na katikati yake
kofia, imepauka kama ugali wa jana.

Nikatoa noti. Akazitazama kama mvua ya kwa jirani.
"Andika kwanza," akasema. "Baba hakuitwaa.
Walilinda mateka huko Misri, nje ya seng'enge.
Mmoja alikuwa fundi wa saa,
usiku analia kama mbuzi wa kamba fupi.
Baba akampa sigara sita na nusu kitunguu.
Yule akavua kofia. Basi.
Hakuna aliyekufa katika hadithi hii, bwana.
Unaweza kuiandika hivyo?"

Nikafuta. Wino mwekundu haufutiki, unasambaa.

"Na yake mwenyewe?" nikauliza. "Ile ya Keya?"

Akacheka mpaka akakohoa.
"Siku ya kuachishwa walipangwa mstari stoo.
Koti, rudisha. Viatu, rudisha. Blanketi, rudisha.
Kofia na beji yake, rudisha, weka saini hapa,
na asiyejua saini, dole gumba.
Akaja Bombo miguu mitupu, kaptula ya kuazima,
na kwenye mfuko waliosahau kuupekua
kofia ya mtu waliyemwambia ni adui.
Ndiyo aliyoivaa akienda kudai pensheni.
Ndiyo aliyoivaa siku aliponiozesha."

Hakuniuzia.

Usiku nilivuta droo zote, moja moja, karibu na taa.
Kofia kumi na tisa za Wajerumani,
yetu hata moja.
Vita vya panzi, walisema, furaha ya kunguru;
hawakusema panzi hurudi nyumbani na nini.
Nikageuza bitana. Mstari wa jasho, umekauka mweusi,
na juu yake mwingine, mpana kidogo.
Katika kofia kumi na moja, vichwa viwili.
Wa kwanza mara nyingine ana jina, kwa penseli ya kopi.
Wa pili hana.

Ijumaa nikarudi kwa Mastura na daftari tu.
Namba ya baba yake aliisoma kwa pumzi moja,
herufi moja, tarakimu tano,
kama mtu aliyefundishwa pamoja na Fatiha.
Nikaiandika. Kisha, juu ya safu ya nne,
nikakata herufi mbili, nikapachika moja:
aliyeivaa.

Kesho nina basi la Kitgum, keshokutwa Arua.
Nitabisha hodi zilezile, bila noti,
niulize nilichopaswa kuuliza.
Ya Masindi sijui nitaanzaje; pale nilizungumza zaidi na kuku.

Droo ya ishirini nimeiacha wazi.
Mtetea wa jirani
ameshaanza kuichungulia.