Vijiti Viwili

Nilimwambia Chande, muuza chipsi wa pale Tabata Bima,
"Weka vijiti viwili, nina mgeni."
Ilikuwa Machi, mvua imekata umeme,
mkaa wake peke yake ndio uliokuwa na mwanga mtaa mzima.
Akaweka viwili. Hakuuliza.
Toka hapo mgeni wangu hajaondoka.

Anakuja saa tatu usiku, nikishavua viatu.
Si njaa. Njaa naijua, nimekua nayo Mbagala,
njaa ina adabu: hubisha hodi, hungoja,
ukiipa kiporo cha ugali na chumvi inashukuru, inalala.
Huyu habishi hodi. Ana ufunguo wake.
Hataki ugali. Anataka kile, kile tu, sasa hivi,
na akishakipata hataki hata kukionja,
anataka kiishe.

Nakula nimesimama, mlango wa jokofu u wazi,
ubaridi magotini.
Mayai yanachoma ulimi, wala simezi, nasukuma.
Kuna mahali, katikati ya boksi,
ambapo kelele zote hunyamaza:
bosi, mkopo wa kikoba,
Idrisa akisema "tutaongea", na hatukuongea.
Dakika nne za kimya.
Nne, nimezihesabu kwenye saa ya ukutani.
Halafu natazama chini: pilipili, na karatasi yenye mafuta.

Kwenye harusi ya binti wa Mama Rehani
nilichota wali wa kumtosha kifaranga.
"Mwenzetu hali kabisa," wakasema, "kwani anaumwa?"
Nikacheka. Nilijua mkobani mna nini:
sambusa sita ndani ya kilemba,
na foleni ya Mandela ni ndefu,
na kioo cha teksi ni cheusi.

Taka zangu sizitoi mchana.
Vijana wa taka hupita Jumanne;
mimi Jumatatu usiku nabeba mfuko hadi pipa la mtaa wa pili,
kama mwizi anayerudisha mali.
Kila Jumapili nasema kesho.
Kesho nimeivalisha sare, nimeichana nywele,
haijafika shuleni hata siku moja.

Watu hutazama sketi.
Wangetazama mikono,
namna ninavyoikunja karatasi ile, ndogo, ndogo zaidi,
mpaka iingie ndani ya boksi la sabuni ya unga.
Mficha uchi hazai, alisema bibi.
Mimi nilificha makombo.

Ijumaa akaja Tunu, mdogo wangu, bila simu,
na begi lake na ndizi za Morogoro.
"Dada, tunakula nini? Kaa, nashuka mimi."
Nikachelewa kumzuia.
Akarudi na boksi moja na swali usoni.
"Yule kaka kaniuliza, ni ya ghorofa ya pili?
Kaweka vijiti viwili kabla sijasema.
Anamsalimia mgeni wako.
Dada, mgeni gani?"

Jokofu likanguruma.
Nilitaka kusema Idrisa. Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi.
Nikasema, "Ni mimi."
Nikasema, "Ni mimi wote wawili."

Hakulia. Tunu si mtu wa kulia.
Alivuta stuli, akafungua boksi,
kijiti kimoja akanipa, kimoja akabaki nacho.
"Kaa chini basi."
Sikuwa nimekaa kula nyumbani kwangu tangu Machi.
Tulikula polepole, hata nikasikia chumvi.
Vikabaki vipande vitano vya viazi.
Tukaviacha mezani, havikufunikwa.

Saa nane usiku nikaamka nikavila vyote,
gizani, vimepoa.
Asubuhi Tunu akaitazama sahani, akanitazama.
Safari hii sikusema panya.