Risasi Isiyo Risasi

Zimelala mbili mezani, kando ya kahawa iliyopoa.
Moja ina moyo wa risasi, koti jembamba la shaba,
ng'avu kama kijiko cha wageni.
Nyingine ni shaba tupu, ndefu kidogo, rangi ya kutu:
risasi isiyo na risasi ndani yake.
Taimi anacheka. "Uji bila unga," anasema.

Jumapili, kwenye shimo la changarawe,
niliilalia mifuko ya mchanga, nikashusha pumzi.
Ile ng'avu ilitoboa karatasi mara tatu,
matundu yakagusana; sarafu moja ingeyafunika.
Ya shaba ilitawanya, kiganja kizima cha mtoto.
Veikko, aliyeniuzia bunduki, akatikisa kichwa:
"Karatasi haidanganyi. Chukua inayokupenda."

Lakini karatasi haina bega.
Haina matope yaliyokaukia manyoyani,
wala mbavu nene kama mipini ya shoka.

Hirvi, ndivyo tunavyomwita huku Kainuu,
mrefu kuliko farasi, pembe kama sinia mbili.
Mwaka jana nilimpiga dume pale pale nilipolenga,
nyuma tu ya mguu wa mbele, hatua themanini.
Akageuka kidogo. Kidogo tu.
Ile ng'avu ikakutana na mfupa, ikapasukapasuka,
ikawa chembe, ikawa unga wa kijivu.
Hakuanguka. Alinitazama, akaingia msituni.

Halla, mbwa wangu, alifuata damu siku mbili.
Tone. Nusu tone. Kisha theluji,
nayo haikusema kitu.

Siku ya tatu kunguru walituonyesha.
Nyama haikufaa tena. Nilipasua bega kwa kisu
nikitafuta nilichokituma,
nikapata kipande kama punje ya shayiri.
Upande wa pili ngozi ilikuwa nzima.

Kwa hiyo, Veikko, usinitajie sarafu.
Kwa hatua themanini kiganja cha mtoto kinatosha;
mapafu ya hirvi yameshinda mlango wa jiko.
Nataka kitu kigumu, kinachochanua bila kuvunjika,
kisichosahau safari kikifika mfupani,
kiingie huku, kitokee kule,
kimwachie hatua ishirini tu za kushangaa.

Nahesabu sita za shaba, natia mfukoni.
Zile ng'avu nazirudisha kwenye boksi.
Sizitupi; nilizilipia,
na karatasi bado zipo.

Taimi anauliza kama friza lina nafasi.
Lina. Mwaka mzima lilikuwa nayo.