Kiingilio

Kibao kilitundikwa kwenye bohari la zamani la kahawa,
Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga:
KIKUNDI CHA VIJANA. KILA JUMAMOSI.
KIINGILIO: KITU KIMOJA KIBOVU.
Nikacheka. Kisha nikajitazama.

Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa na umri wa miezi mitano,
na kwetu yalinyamaziwa
kama deni la marehemu.

Nilipeleka ndoo iliyopasuka kitako.
Dada Nakijwa, miwani ya kuchomelea kaipandisha utosini,
aliigeuza mara mbili juani.
Hakuuliza daraja. Hakuuliza shule.
"Ilipasuka lini, nawe ukafanya nini?"
Nikasema niliificha uvunguni.
"Na wewe mwenyewe ulikuwa huko huko," akasema. "Karibu."

Jumamosi ya kwanza nilinyoosha misumari.
Ya pili, misumari.
Kidole gumba kikavimba kama mshare,
na Aminieli, mwenye kovu la moto shingoni,
akaniambia bila kuinua kichwa:
usiitazame nyundo, tazama msumari;
nyundo inajua kwao.

Ya tatu tulishuka kuelekea Kahe kuchimba udongo.
Pumba za mpunga tulipewa bure Chekereni,
magunia sita juu ya mkokoteni mmoja,
Hajirati akisukuma na kukariri kama mtoto wa madrasa:
udongo ndoo tatu, pumba ndoo mbili,
maji kwa macho, maji kwa macho.
Mlima ulikuwa umejifunika.
Hakuna aliyeuangalia.

Jiko langu la kwanza lilikata kauli tanuruni.
La pili lilitoka zima, ila limeegama
kama mtu anayerudi kilabuni kwa mbege.
Nilitaka kulifukia.
Dada Nakijwa akanisukumia daftari:
"Andika. Nani, lini, limepasukia wapi."
Nikaandika. Nikafunua nyuma,
nikakuta mpasuko wa Aminieli, wa Hajirati,
na wa kwake yeye Nakijwa, kumi na moja,
kwa mwandiko uleule wa kutulia.
Daftari letu lina kurasa nyingi za mipasuko
kuliko za mauzo.

Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Wangu ulikuwa na udongo hadi kwenye kiwiko,
nao haukulambwa,
lakini siku hiyo watu tisa waliushika.

La tatu nililibeba kichwani, kata ya kanga chini yake,
njia nzima kutoka Pasua hadi Njoro,
nikitembea kama niliyebeba usingizi wa mtu.

Sasa mjue:
mji wetu unaitwa Moshi,
na jiko la mama yangu ndilo lilikuwa makao yake makuu.
Ukuta mweusi, dari nyeusi, kikohozi cha alfajiri,
macho yake mekundu ambayo majirani
waliyasingizia mambo mengine.

Mama hakusifu.
Aliweka vijiti vitatu, akabandika ng'ande,
akajikalia kando, mikono mapajani,
kama shahidi ambaye hajaitwa.
Sufuria ikaanza kunong'ona. Ikachemka.
Aliinama kutafuta moshi
chini, nyuma, juu,
kama anayetafuta sindano iliyodondoka.
Vijiti vikaisha. Akaongeza kimoja tu.
Ng'ande ikaiva.

Usiku nilimsikia akikokota mafiga kuyatoa nje.
Mawili aliyaacha uani kwa kuku.
La tatu akaliweka nyuma ya mlango,
mlango ambao miaka yote ulikuwa ukijifunga wenyewe.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa navaa,
alinijia na pasi ya mkaa isiyo na mpini.
"Hii nayo ni mbovu," akasema.
Nikamwambia mimi kiingilio nilishatoa.
"Najua."
Hakuongeza neno.
Alikuwa ameinama uvunguni,
anatafuta viatu vyake.