Gavana

Gerejini Calumet, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
Kaisa amelalia kiwiko sakafuni,
spana namba kumi mdomoni kama mswaki.
Pikipiki ya theluji ya mtoto, isiyonifika nyonga,
imevuliwa boneti, mnyororo, haya.

Aino Mwanaidi ametimiza miaka minane.
Magoti yanagonga usukani, kwa hiyo mama yake
ameuinua kwa kipande cha bomba la baiskeli,
akazisogeza skii nje, inchi mbili mbili,
isije ikapinduka konani.
Hayo niliyakubali.

Kisha akachomoa springi moja, nyembamba kama hereni.
"Gavana," akasema. "Ndiye anayemzuia."
Nikacheka: kwetu gavana hang'oki kirahisi hivyo.

Usiku nikashuka na soksi,
nikairudisha.

Asubuhi, juu ya ziwa lililoganda,
Aino akabana akseleta mpaka mwisho.
Mashine ikanguruma, ikavimba, ikaenda
mwendo wa bibi harusi.
Akavua kofia ngumu. Hakulia.
"Baba, inaumwa?"

Kaisa akanitazama mimi, si injini.

Bisibisi ilikuwa baridi hata ikanata kidoleni.
Nikafungua mwenyewe, springi nikaitia mfukoni
penye sarafu na risiti ya petroli.
Ninayo bado. Nikiibonyeza inarudi,
nikiibonyeza
inarudi,
na yeye kule amekuwa kidoa chekundu
kinachokata kona, kinachokata kona,
na theluji inasimama nyuma yake kama mkia.